Mwili Una Mwenyewe

Hotuba kwa wachoraji, wachongaji na wapiga picha wa Nyanda za Juu Kusini, iliyotolewa mjini Iringa

Kamwene, ndugu zangu. Wakubwa shikamooni, vijana mambo. Mliotoka Mbeya na Njombe poleni na safari. Najua basi la alfajiri likipita Makambako msimu huu baridi yake haina adabu.

Nimeombwa nizungumzie picha za watu walio uchi. Mratibu wetu alitaka tangazo lisomeke "masuala ya staha katika sanaa za kidijitali", nikamwambia watu watadhani ni semina ya mavazi ya ofisini. Kwa hiyo naomba tuseme wazi tu: uchi. Mchoro wa mkaa wa mwanamke asiye na nguo. Kinyago cha mwanamume asiye na nguo. Picha ya kamera ya mgongo wa mtu mzima aliyekubali kupigwa. Kazi hizi zinatengenezwa hapa hapa kwetu, na sikuja kubishana kama zitengenezwe au zisitengenezwe. Nimekuja kuzungumzia kinachotokea zinapotoka kwenye karatasi na kuingia kwenye simu, kisha kutoka simu moja hadi kwenye kundi la watu mia mbili ambao nusu yao hujawahi hata kuwaona.

Wengi mnajua kilichotuleta. Kwenye kundi letu la WhatsApp uliwekwa mchoro wa mkaa, mwanamke ameketi chini, kanga imemshuka hadi kiunoni, uso ameuinamisha. Kazi nzuri, hasa kivuli cha shingo. Kabla ya magharibi mtu mmoja alikuwa ameondoka kundini kwa hasira, mwingine ameuliza "huyu ni nani?", mwingine ameuliza kama kuna namba yake, na kuna bingwa mmoja aliyeupeleka kwenye kundi la ukoo wao. Shangazi zake wakaanza kumwombea.

Nina neno moja tu. Mwili ulio kwenye picha una mwenyewe, na mwenyewe si mchoraji. Karatasi ni yako, mkaa ni wako, jasho ni lako, hata sifa ni zako. Mwili ni wa mwenzako. Kila mara picha inapohama kutoka mahali ilipo kwenda mahali pengine, yeye ndiye wa kuulizwa, hata kama alishakubali mara ya kwanza.

Najua kuna wazee hapa wanaosema haya si ya kwetu, ni mambo ya Wazungu na vyuo vyao vya sanaa. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Wazaramo wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye matiti, alichopewa mwali akiwa ndani. Wamakonde wana kinyago cha kuvaa kifuani, chenye matiti na tumbo la mjamzito, kinachochezwa na mwanamume katika sherehe za jando na unyago. Mwili ulionekana, ulichongwa, ukafundishiwa. Ila kulikuwa na utaratibu. Mwali alionyeshwa kitu fulani kwa wakati fulani, na mtu fulani aliyekuwa na dhamana ya kumweleza. Aliyekuwa nje alibaki nje. Ni kama nyumba zetu zilivyo: kuna mgeni wa barazani, kuna anayekaribishwa sebuleni, na chumbani anafika nani? Hakuna anayesema chumba ni kibaya kwa sababu wageni wa barazani hawaingii.

Sasa simu imevunja kuta hizo zote, na sisi tunagombana kuhusu mwili badala ya kugombana kuhusu kuta.

Naomba hapa nitulie kidogo, kwa sababu sisi wa nyanda hizi tuna historia na jambo hili kuliko tunavyokumbuka. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo daktari wa jeshi la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, aliyezunguka upande wa Ziwa Nyasa na milima inayolizunguka. Alipima watu na kuwapiga picha, na mwaka 1906 picha zikachapishwa Ujerumani. Hakuwa peke yake. Wanajeshi, wamisionari na wafanyabiashara walipiga picha za wanawake wetu, nyingine zikawa kadi za posta, zikauzwa Ulaya kwa watu ambao wasingethubutu kununua picha ya mwanamke wa kwao akiwa hivyo.

Huwa naambiwa: "Mwalimu, lakini bibi zetu hawakuona aibu, ndivyo walivyovaa." Kweli kabisa. Na hapo ndipo penye uzito. Bibi yule mbele ya mlango wake, kati ya watu wake, alikuwa amevaa. Shanga zake, pete zake za shaba, ngozi yake au kitambaa chake cha gome la mti, vilisema ni mtoto wa nani na yuko katika hatua gani ya maisha. Uchi wake ulianza picha ilipofika Berlin, mikononi mwa mtu asiyejua kusoma shanga zile. Hakuongezewa wala kupunguziwa uzi. Kilichobadilika ni nani anatazama na kwa nini.

Leo picha hizo zimerudi. Maktaba na makumbusho ya Ulaya yanaziweka mtandaoni, watu wanazidaka, na kurasa za "picha za kale" zinazisambaza, chini yake maneno ambayo siwezi kuyasoma mbele ya mama zangu waliokaa mbele hapa. Mimi sizisambazi. Nikihitaji kufundisha jambo kuhusu mapambo ya Wanyakyusa au Wakinga, nakata picha nibaki na mkono na bangili, au nachora. Kuna wanaosema huko ni kuficha historia. Nawaambia historia ya kwamba walipigwa picha bila kuulizwa inaweza kusimuliwa bila kuwapeleka tena barazani. Vitukuu vyao wako Kyela, wako Makete, baadhi yao huenda wako humu ukumbini.

Hapa Iringa tunalo somo jingine, umbali mfupi tu kutoka mjini, pale Kalenga. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alifariki Julai 1898, kichwa chake wakakichukua. Suala la fuvu lake liliingia hadi kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, na bado lilichukua hadi 1954 kurudi, Gavana Twining wa Waingereza alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Fuvu liko pale kwenye makumbusho ya Kalenga ndani ya kioo, linatazamwa. Lilitazamwa na huko Ulaya pia. Jichoni ni kitu kilekile. Lakini huko lilikuwa mfupa kati ya mifupa, na Kalenga ni babu wa watu, wanaokwenda pale wanajua jina lake. Waafrika Kusini nao walipigania Sara Baartman, yule mwanamke wa Kikhoikhoi aliyepelekwa London mwaka 1810 kuonyeshwa kwa tiketi kwa ajili ya umbo lake. Alifia Paris, na hata baada ya kufa mabaki yake yaliendelea kuwekwa hadharani katika makumbusho hadi miaka ya 1970. Alizikwa kwao Agosti 2002. Nikiwasikia vijana wakisema "ni picha tu", huwa nawakumbuka hawa wawili.

Haya, turudi kwenye simu zetu.

Mnaogopa mchoro. Mimi naogopa zaidi picha ya kielelezo. Mnajua mazoea yetu: mtu amekuja kukaa, mwanga unaondoka, mchoraji anasema "ngoja nikupige moja ya kumalizia nyumbani". Mchoro unaweza kubadilisha uso, kuongeza umri, kuacha kovu. Picha ya kielelezo haijaacha kitu. Na inakaa wapi? Kwenye simu ile ile inayopelekwa kwa fundi pale Mwanjelwa kioo kikipasuka, na fundi anaomba namba ya siri "nijaribu tachi". Simu ile ile mtoto anayochezea gemu. Simu iliyowekwa ijihifadhie picha zenyewe kwenye akaunti ya Google, akaunti ambayo bado imefunguliwa kwenye kompyuta ya ofisi uliyoacha kazi. Hakuna mwizi hapo, hakuna adui. Ni uzembe wa kawaida wa watu wema, na kesho watu wanaambizana kuna "konekshen" mpya, yaani picha ya uchi iliyovuja, ya binti wa Kihesa.

Ushauri wangu kwa hili ni mkali na najua wengine hawataupenda: usipige. Mwite tena mtu akae, mlipe tena. Kama ni lazima, tumia kamera isiyo na intaneti, usichukue uso, umalize kazi, ufute mbele yake. Na ikilazimu kutuma, jueni kwamba WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida huondoa zile taarifa zilizofichwa ndani ya faili, kama mahali ilipopigwa. Ukituma kama hati, zinasafiri nayo. Watu wengi hutuma kama hati ili ubora usipungue. Basi ubora haupungui, na ramani ya kwenda nyumbani kwa mtu nayo haipungui.

Kuhusu ridhaa nitasema machache kwa sababu mnayajua, shida ni kuyafanya. Iandikwe kwa Kiswahili. Nimeona karatasi za Kiingereza zilizonakiliwa mtandaoni, zinampa mchoraji haki "milele na ulimwenguni kote", anasainishwa mtu aliyekuja kutafuta nauli. Andika kwa lugha yenu nyote wawili: nakuchora, mchoro utatundikwa ukumbini, hautawekwa mtandaoni, au utawekwa kwenye kundi fulani tu, au utawekwa hadharani. Kila kimoja kina mstari wake na saini yake. Andika pia kwamba akibadili mawazo utaushusha. Huwezi kumwahidi kwamba utaifuta dunia nzima, usimdanganye. Mwahidi kile ambacho mkono wako unafika. Na asiwe mwanafunzi wako, wala mfanyakazi wako wa ndani, wala mtu anayekudai au unayemdai. Mtu wa namna hiyo hawezi kukwambia hapana hata kama anataka.

Na kumbukeni ukubwa wa miji yetu. Mtu akichorwa Paris, anayemfahamu huenda asipite kabisa mbele ya mchoro huo. Hapa Iringa, Mafinga, Tukuyu, hata ukificha uso, kuna jirani atakayemtambua kwa kidole cha mguu. Kanga yenye maneno fulani inatosha. Kwa hiyo kabla ya kuonyesha popote, mwonyeshe yeye kwanza mchoro uliokamilika, umuulize: mama yako akiuona, atakujua? Jibu lake ndilo litakuongoza.

(Jambo dogo nje ya mada, lakini nisiposema nitalaumiwa. Julai, Njombe, mtu amekaa bila nguo saa nzima, na mchoraji kwa huruma amewasha jiko la mkaa na kufunga madirisha. Hewa ya mkaa inaua, haina harufu ya kukuonya. Fungueni dirisha, mpeni blanketi na mapumziko.)

Sheria. Mimi si mwanasheria, lakini kusoma najua. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya kompyuta, na simu yako ni kompyuta: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Ikionekana ni ya uchafu uliokithiri, milioni 30 au miaka 10. Hapo kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuna BASATA, baraza la sanaa. Nawaombeni msiende na imani kwamba kuandika neno "sanaa" chini ya picha ni kinga. Nchi yetu haijazoea mjadala huu, na atakayeanza kuuamua siku hiyo ni askari aliyeamshwa na mlalamikaji, hajawahi kuingia kwenye maonyesho ya sanaa. Vilevile tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kuhusu aliye chini ya miaka 18, hakuna sentensi ya pili. Hachorwi uchi, hapigwi picha, hata mzazi akisaini, hata kama ni mtoto wako mwenyewe anayeoga kwenye beseni na unaona anapendeza.

Kwa sababu hiyo msimamo wangu ni huu: picha za kamera za watu walio uchi zisiingie kwenye makundi yetu kabisa, hata zikiwa nzuri namna gani. Michoro, udongo na mti, tuzungumze. Najua wapiga picha mnanuna. Kuna kaka wa Mafinga ameshaniambia kwamba nawabagua, kwamba kamera nayo ni brashi. Ni kweli kamera ni brashi, ila kinachotoka kwenye kamera ni mtu mwenyewe, na gharama yake ikivuja anailipa yeye. Tundikeni kazi zenu ukutani, wekeni mtu mlangoni, waambieni wageni waache simu mezani. Tutakuja.

Na mitandao yenyewe? Msiitegemee iwe na busara kwa niaba yenu. Mwishoni mwa mwaka 2017 Facebook iliondoa picha ya sanamu ya Willendorf, kile kijisanamu cha mwanamke cha sentimita 11 hivi kilichochongwa kabla hata kilimo hakijaanza, kinachotunzwa katika makumbusho ya Vienna. Makumbusho yakalalamika, kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2021 watu wa utalii wa Vienna wakachoka, wakafungua ukurasa OnlyFans, mtandao usiokataza uchi, ili waonyeshe kazi za makumbusho yao zilizokuwa zikifutwa kwingine. Na Oktoba 2020 huko Brazil, Instagram ilifuta picha za kuelimisha wanawake kuhusu dalili za saratani ya matiti. Mashine iliona titi, ikaishia hapo. Kanuni za kampuni yenye Facebook na Instagram zinaruhusu uchi ulio kwenye michoro na sanamu, lakini anayehukumu kwanza ni mashine, na mashine haijui mkaa kutoka kwenye ngozi vizuri hivyo. Kinachosaidia kidogo ni kupiga picha ya kazi ikiwa ukutani, fremu ionekane, kona ya meza ionekane. Mtazamaji naye anaelewa upesi kwamba anaangalia karatasi.

Sasa maadmini, ninyi ndio wenye nyumba. Tengenezeni kundi la pembeni, dogo, anayeingia aombe mwenyewe. Msimwingize mtu kwa mshangao, hasa watumishi wa umma na watu wa makanisa ambao simu zao hushikwa na watu wengi. Kazi itanguliwe na maneno: nani kachora, kwa nini, aliyechorwa ameruhusu iishie wapi. Picha ifuate baada ya hapo, ili mtu aliye ndani ya daladala apate nafasi ya kutofungua. Ile picha ya kutazamwa mara moja inasaidia, lakini simu ya jirani inaweza kuipiga picha simu yako, kwa hiyo msilale.

Maoni nayo yana nidhamu yake. Tuzungumzie mstari, uzito, mwanga, kwa nini bega la kushoto limekufa. Anayesema "huyu mnene" au "huyu mtamu" aonywe pale pale, kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote. Anayeomba namba ya aliyechorwa atolewe bila kikao. Anayesambaza nje atolewe, na aliyechorwa ajulishwe siku hiyo hiyo, asisikie sokoni. Hapa naona wengi wetu tunateleza: tunaogopa kumwambia kwa sababu tunaona aibu, basi tunamwacha yeye peke yake kuwa wa mwisho kujua jambo linalohusu mwili wake.

Na asiyetaka kuona kazi hizi asichekwe. Si mshamba. Mtu aliyeokoka, mtu wa msikitini, mtu ambaye tu hapendi, ana haki ya kuwa mchoraji wa mandhari ya Kitulo na kuwa mwenzetu kamili.

Picha halisi ya mtu mzima ikivuja, kuna huduma inaitwa StopNCII, ilianza Desemba 2021. Mwenye picha anaichagua kwenye simu yake, mfumo unatengeneza alama ya tarakimu, picha haitoki kwenye simu. Alama ndiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga, Facebook na Instagram zikiwamo, ili picha ikipandishwa izuiwe. Kwa waliopigwa wakiwa chini ya miaka 18 ipo ya namna hiyo inayoitwa Take It Down. Zote mbili hazioni ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp, na huko ndiko kwetu mambo haya hupita zaidi. Kwa hiyo kule anayebaki ni admini, ambaye anaweza kufuta ujumbe wa mwanakundi kwa watu wote, akiwa macho, akiwa na bando. Naomba kila kundi liwe na maadmini wawili, mmoja awe mwanamke.

Nimemaliza yangu. Maswali yaanze na kaka wa Mafinga, maana naona karatasi yake imejaa pande zote mbili.